Sporani ya Mchana

Tangu alfajiri ya Alhamisi ile Fearchar Murchison alikuwa akipanda ngazi na kushuka bila kufika popote. Kila alipopanda, alizikuta sporani zake mbili pale pale kitandani alipoziacha, zikimtazama kama wageni waliokaribishwa ndani kisha wakasahauliwa. Kila aliposhuka, alikwenda dirishani, akatazama ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa mbele ya kijiji cha Camasdearg, akauona moshi wa dohani moja ya mbali, akageuka kwa ghafla kana kwamba moshi ule umemwita kwa jina.

"Baba, utazitoboa hizo ngazi," binti yake Seonag alisema kutoka jikoni. "Njoo unywe chai kama binadamu."

"Nimeshakunywa."

"Umeimwaga kwenye kisahani. Kunywa ni kitu kingine."

Seonag alikuwa akiolewa Jumamosi. Alikuwa ameshuka kutoka Inverness, anakouguza wagonjwa, ili afunge ndoa katika kanisa dogo alilobatiziwa. Sharti lake lilikuwa moja tu. "Sitaki fahari, Baba. Saa sita mchana, watu wetu tu, halafu supu na ngoma ukumbini. Koti lako la sufu, kilti yako, soksi za kawaida. Basi."

Jambo lenyewe lilionekana jepesi, na kumbe hapo ndipo lilipomkwamisha mzee. Kilti, ile sketi ya mistari ya wanaume wa kule, haina mfuko hata mmoja. Mwanamume huifunga sporani kiunoni, mfuko wa ngozi unaoning'inia mbele yake, na watu wa Camasdearg humsoma mtu kwa sporani yake kabla hajafungua kinywa. Fearchar alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya manyoya marefu meupe ya farasi, aliyoivaa enzi zile alipopiga zumari katika bendi ya bonde. Kuivaa harusini kungekuwa kama kumwingiza farasi mzima kanisani. Ya pili ilikuwa ya ngozi ya sili, kichwa chake cha fedha, mnyororo wake wa fedha, zawadi ya marehemu mkewe Peigi siku walipooana. Hiyo ilikuwa nzuri mno, na uzuri huo ndio uliokuwa kosa lake. Ni vazi la jioni, la koti jeusi na mishumaa. Wazee wa pale wana msemo: fedha haitangulii taa. Mwenye kuvaa sporani ya fedha juani huchekwa hadi wajukuu wake wazeeke.

Nguo ya mchana hutaka sporani ya mchana: ngozi tupu, kahawia, vishada vyake vitatu, bila kitu cha kumetameta. Hiyo Fearchar hakuwa nayo. Tuseme kweli: aliwahi kuwa nayo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akairudisha.

Hakuwa mtu wa kutulia hata katika ujana wake. Alikuwa ameendesha gari la kusukuma theluji katika barabara za milimani tangu akiwa kijana hadi alipostaafu, na kazi ile ilikuwa imemfaa, kwa maana theluji haina mwisho na barabara haikubali mtu akae. Peigi alizoea kusema, "Mume wangu akikaribia, hata kiti kinasimama." Alipofariki, Fearchar alizidi. Alirekebisha ua ambao haukuvunjika. Alipaka rangi mlango wenye rangi. Jioni aliizunguka meza ya chakula, kipande cha mkate wa oti mkononi, akitafuna huku akitembea. Kitu kimoja tu hakuwahi kukirekebisha, nacho kilikuwa ng'ambo, chini ya moshi ule.

Basi Alhamisi hiyo hiyo Seonag alimtia garini, wakaenda Inverness dukani kwa Bwana Urquhart, mtu mwembamba aliyevaa utepe wa kupimia shingoni kama wengine wavaavyo tai.

"Harusi ya mchana," Bwana Urquhart alirudia, akavuta droo. "Basi hatutaki makeke. Tazama hii. Ngozi ya ng'ombe, imeshonwa kwa mkono, vishada vitatu. Vaa mkanda wake kwanza."

Fearchar akaivaa. Bwana Urquhart akaweka vidole vinne chini ya chuma cha mkanda, akapima, akakaza tundu moja. "Hapo ndipo pake. Ikipanda, unaonekana umeshiba. Ikishuka, unaonekana umelewa. Tembea kidogo."

Fearchar alitembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Mfuko ule mpya ulilia kwa kila hatua kama kiatu cha mgeni. "Inapiga kelele."

"Itanyamaza ukiizoea."

"Nitaizoea lini? Harusi ni keshokutwa."

Ikaletwa ya pili, yenye nakshi za majani. "Hii ni bustani," Fearchar akasema. Ikaletwa nyingine, kifuniko chake kikiwa kichwa kizima cha melesi, mnyama wa porini wa kule, mwenye meno. Seonag akacheka hadi akaketi.

"Hiyo, Baba, itamng'ata mchungaji!"

"Bei yake ndiyo itakayoning'ata mimi."

Nyingine ilikuwa pana mno, nyingine nyeusi mno, nyingine haikuwa na kosa lolote, na hiyo ndiyo iliyomkasirisha zaidi. Mwishowe Bwana Urquhart aliweka mikono yake juu ya meza ya duka, akamtazama mteja wake kwa upole. "Mzee wangu, nimeuza sporani maisha yangu yote. Wewe hutafuti sporani. Wewe unatafuta sporani fulani, na haimo dukani mwangu. Nenda kaichukue ilipo."

Njia ya kurudi ilikuwa ya mvua nyembamba. Vifuta kioo vya gari vilikwenda na kurudi, na Fearchar alivitazama kama mtu anayewaonea wivu wenzake kazini.

"Ni ile ya Babu, siyo?" Seonag aliuliza.

Fearchar alifungua dirisha, akalifunga.

"Nilikuwa msichana wa shule, Baba, lakini sikuwa kipofu. Nilikuona ukiirudisha."

Baba wa Fearchar alikuwa mlinzi wa ayala, wale paa wakubwa wa milimani, mtu mrefu mwenye maneno machache. Sporani yake ilikuwa ya ngozi kahawia iliyogeuka nyeusi mahali kidole gumba kilipoisugua, na vishada viwili tu, kwa sababu cha tatu kilitafunwa na mbwa. Aliivaa mlimani, aliivaa sokoni, na siku ya Bwana aliivaa kanisani, ambako ilikuwa na kazi yake takatifu. Mahubiri ya kule yalikuwa marefu kama kiangazi. Fearchar na mdogo wake Eachann walipoanza kuchezesha miguu, mzee, macho yakiwa kwa mchungaji, alifungua sporani kwa kidole kimoja, na pipi nyeupe ya mnanaa ikaingia katika kila kiganja kilichonyooshwa. Ikiwa imebaki moja tu, aliing'ata katikati, ka!, sauti iliyosikika hadi mimbarini, akampa kila mtoto nusu yake.

Mzee alipofariki alikuwa akiishi na Eachann, ng'ambo. Kwa desturi, sporani ya baba humwendea mkubwa. Eachann akaifunga katika gazeti, akamkabidhi mtu wa posta, naye akaileta. Fearchar akaifungua mezani, akatia mkono ndani. Ilikuwa tupu.

Kwa watu wale mtu hapewi mfuko ukiwa mtupu. Hutiwa kitu, hata sarafu ya shaba, hata kifungo cha shati, kwa kuwa anayekupa mfuko mtupu amekuombea njaa. Mtoto mdogo analijua hilo. Fearchar aliukunja mfuko katika gazeti lile lile, akamkimbilia mtu wa posta kabla hajalifikia daraja, akamwambia, "Mrudishie. Mwambie nimeushika ujumbe wake."

Tangu hapo wale ndugu wawili walikaa pande mbili za maji, kila mmoja akiuona moshi wa mwenzake asubuhi na kujua kwamba yu hai. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto. Peigi alizikwa, Eachann akasimama nyuma ya umati, kofia mkononi, akaondoka kabla ya chai.

"Nimempelekea habari Baba Mdogo," Seonag alisema taratibu, "kwamba nataka awepo. Hajajibu. Sikulaumu, Baba. Lakini nina baba mdogo mmoja tu, na mama sina. Nikigeuka kanisani nione upande wetu una watu."

Fearchar alifuta kioo kwa ndani, ingawa hakikuwa na ukungu.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliwasha gari akasema anakwenda kununua misumari. Seonag hakumwuliza misumari ya nini. Barabara huzunguka kichwa cha ule mkono wa bahari, na Fearchar alikuwa ameisafisha barabara hiyo majira yote ya baridi, hadi kwenye lango la ndugu yake, bila kuliingia hata siku moja tangu ugomvi ule. Mara mbili alisimamisha gari. Mara ya pili aligeuza kabisa, akaona aibu mbele ya kondoo waliokuwa wakimtazama, akageuza tena.

Eachann alikuwa uani akimkata kondoo kwato. Alikuwa mfupi, mpana, nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Mbwa alibweka. Eachann akainua macho, asimwachilie kondoo.

"Umepotea njia?" akauliza.

"Njia naijua. Mimi ndiye niliyekuwa naifungua."

"Ni kweli. Na uliniachia rundo la theluji langoni kila mwaka. Nililichimba mpaka mgongo ukapinda."

"Rundo hilo liliangukia kila mtu."

"Langu lilikuwa kubwa zaidi, kaka. Nililipima kwa jicho."

Neno lile, kaka, lilimponyoka, na wote wawili wakalisikia. Fearchar alitembea hadi kwenye ua, akautikisa kuona kama umekazwa, akarudi.

"Seonag anaolewa kesho."

"Najua. Alinipelekea habari."

"Mchana. Nguo za mchana." Alipiga kokoto teke. "Sina sporani."

Eachann alimwachilia kondoo, naye akaondoka akichechemea kwa madaha. Kwa muda mrefu mdogo mtu alifuta kisu chake kwenye suruali. Kisha akaingia ndani, naye Fearchar akamfuata hadi kizingitini, akasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sporani ya baba yao ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kando ya jiko, imepakwa mafuta, laini, kishada chake cha tatu bado hakipo.

"Naivaa kanisani," Eachann alisema akiishusha. "Umeiona kila Jumapili. Umejifanya huoni."

"Niliiona." Sauti ya Fearchar ilipanda. "Niliiona, na kila nilipoiona nilikumbuka ulivyoniletea. Tupu, Eachann! Ngozi ya baba yetu, tupu! Ungenikosea kwa mdomo ningekusamehe siku ile ile."

"Haikuwa tupu alipokufa."

"Kwa hiyo?"

Eachann aligeuza uso kwenye jiko. "Zilikuwamo pipi mbili. Za mnanaa. Yangu na yako. Tulipotoka makaburini wewe ulikwenda na wanaume ukumbini, mimi nikarudi hapa. Nyumba ilikuwa kimya. Nikala yangu. Halafu..." Akakuna shingo. "Halafu nikala yako."

"Ukala yangu?"

"Nikaila, kaka. Nikiwa nalia kama mtoto. Kisha nikaona aibu. Nikasema, nitie nini humo sasa? Sarafu? Baada ya kula kitu alichokuachia Baba, nikulipe sarafu? Nikaona afadhali iende ilivyo. Nilidhani utanijia juu, tugombane kidogo, nikuambie. Wewe ukairudisha na mtu wa posta."

Fearchar aliuingiza mguu uliokuwa nje. Alikwenda dirishani. Kutoka pale, kwa mara ya kwanza tangu baba yao afariki, aliiona nyumba yake mwenyewe ng'ambo ya maji, ndogo kama kiberiti, na moshi wa Seonag ukipanda.

"Miaka yote hii," alisema, "kwa pipi."

"Ilikuwa pipi nzuri," Eachann akajibu. Alifikia kopo la bati juu ya rafu, akalitikisa, akatoa pipi mbili nyeupe, akazitia ndani ya sporani mbele ya macho ya ndugu yake, akaifunga. "Haya. Usiondoke nayo tupu tena."

Fearchar aliipokea kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa. Alipofika langoni ndipo alipogeuka. "Na wewe kesho utavaa ipi?"

"Sijasema nitakuja," Eachann alisema, akamrudia kondoo wake.

Jambo hilo lilimnyima Fearchar raha jioni nzima. Sporani aliyokuwa akiitafuta ilikuwa mezani, nayo ilikuwa ile ile hasa, harufu ya mafuta na ya baba yake ikijaza jikoni; lakini sasa kulikuwa na msumari mtupu kando ya jiko la mtu mwingine. Eachann hakuwa na nyingine. Mtu aliyevaa kilti bila sporani hajamaliza kuvaa, na Eachann, kwa ukaidi wake, asingeingia kanisani amevaa nusu. Ingekuwa udhuru wake. Fearchar aliizunguka meza hadi Seonag akazima taa ya jikoni ili aende kulala.

Asubuhi ya Jumamosi, Seonag akiwa bado anachana nywele, alichukua sporani ya sili, ya kichwa cha fedha. Alisita. Kisha alifungua ile ya baba yake, akatoa pipi moja kati ya mbili, akaitia ndani ya ile ya Peigi. Akaendesha hadi ng'ambo. Hapakuwa na mtu. Eachann alikuwa mlimani na kondoo. Fearchar akauviringisha mnyororo wa fedha kwenye kitasa cha mlango, sporani ikaning'inia pale ikimeremeta katika mwanga wa asubuhi, isiyo ya wakati wake kuliko kitu chochote alichowahi kukiona.

Saa sita ilipokaribia, baba na binti walisimama nje ya mlango wa kanisa. Fearchar alikuwa amevaa koti lake la sufu la rangi ya majani makavu, kilti yake ya kila siku, na, vidole vinne chini ya mkanda, sporani ya kahawia yenye vishada viwili. Haikulia alipotembea. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa ukipiga changarawe.

"Tuingie, Baba."

"Subiri kidogo."

Alitazama barabara ya kuzunguka maji. Gari moja la maziwa. Mwendesha baiskeli. Kisha barabara tupu.

"Baba." Seonag alimshika mkono. "Bwana arusi atadhani nimekimbia."

Wakaingia. Alimfikisha mbele, akamwacha kando ya mchumba wake, akaketi peke yake kwenye benchi la kwanza la upande wao, ambalo lilikuwa refu kupita kiasi. Kiongozi wa nyimbo akaanza zaburi, sauti moja ikipanda, na kanisa zima likamfuata kama wimbi linavyofuata wimbi. Fearchar aliimba huku akigeuza shingo. Zaburi ikafikia ubeti wa mwisho. Mlango wa nyuma ukagongwa na upepo, ukafunguka.

Eachann alisimama pale, uso mwekundu wa kukimbia. Kilti yake ilikuwa safi, koti lake la sufu lilikuwa na majani ya mlimani begani, na mbele yake, mchana kweupe, ilining'inia sporani ya sili yenye kichwa cha fedha, chini mno, karibu na magoti, ikimgonga mapaja kila alipopiga hatua. Mnyororo ulilia klingi, klingi, juu ya sakafu ya mbao.

"Yesu wangu," bibi mmoja wa benchi la katikati alinong'ona kwa sauti ya kusikika nchi nzima, "fedha mchana! Huyu ametoka kwenye karamu ya jana au anakwenda ya leo?"

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Eachann alisita katikati ya njia. Mkono wake ulikwenda kwenye sporani, ukataka kuifunika, na macho yake yakaugeukia mlango.

Fearchar alikuwa ameshasimama. Alishuka njia ile mbele ya watu wote, mchungaji akiwa na kitabu wazi, bi arusi akiwa amegeuka, akamfikia ndugu yake. Aliinama, akaweka vidole vinne chini ya chuma cha mkanda wa Eachann, akaupandisha mnyororo, akaufunga pete mbili juu zaidi, akaivuta sporani ikakaa katikati. Akarudi nyuma hatua moja, akakagua, kama alivyokagua barabara baada ya kusafisha.

"Hapo ndipo pake," alisema. Kisha, akimgeukia yule bibi: "Yangu hiyo, Bi Oighrig. Nimemvalisha mimi. Nicheke mimi."

Akamshika ndugu yake kiwiko, akampeleka benchi la mbele. Seonag aliwatazama wote wawili mmoja baada ya mwingine, akamgeukia mchungaji. "Sasa tunaweza kuendelea," akasema.

Mchungaji alikuwa mtu wa desturi za zamani, na neno lake kwa maharusi lilianza bustani ya Edeni. Alipofika kwa Nuhu, mguu wa Fearchar ulianza tena kuchezacheza. Pembeni yake, bila kugeuza uso, macho yakiwa kwa mchungaji, Eachann alifungua kiganja chake juu ya goti.

"Unayo yako," Fearchar alinong'ona. "Nilikutilia."

"Niliila njiani."

Fearchar alifumba macho kidogo. Halafu kwa kidole kimoja akafungua sporani ya baba yake, akaichukua pipi iliyobaki, akaiweka kati ya meno. Ka! Sauti ilisikika hadi mimbarini. Mchungaji akanyamaza, akawatazama juu ya miwani, akaendelea. Fearchar alitia nusu moja katika kiganja kilichokuwa kikingoja, nusu nyingine akaibakiza ulimini, na miguu yake miwili ikatulia sakafuni.